Doa Nililolitoa

4 Machi

Kaka yangu Sindano,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Redio, mzima wa mwili na mzima zaidi wa mdomo. Mgongo unauma kidogo, lakini nimeuambia usubiri, nina kazi. Wifi hajambo? Miguu yake imeacha kuvimba? Mwambie asikae sana kwenye kile kiti cha dukani kwako, kinabana mapaja. Nilikisema tangu siku ulipokinunua, ukanijibu kwamba mimi si daktari. Na watoto? Yule wa kati bado anataka kuwa mwanajeshi, au ameshaona viatu vyao vilivyo vizito?

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Sipigi kwa sababu kwenye simu unasema "ndiyo", "hapana", "haya", halafu unakata. Kwenye barua huwezi kunikatiza hata ukitaka. Kaa hapo na mkasi wako usome.

Kaka, mdogo wako amepanda cheo. Mimi wa darasa la sita, niliyefukuzwa kwa kumcheka mwalimu wa hesabu, nipo kwenye kamati ya chuo kikuu. Rudia kusoma: kamati. Ya chuo kikuu.

Ilikuwa hivi. Kwenye mabweni haya kuna wanafunzi wa nchi thelathini na moja, na mimi dobi wao nawajua wote kwa mashuka. Najua nani anakula kitandani, nani ana mafua, nani anampenda mtu asiyempenda. Lakini wao kwa wao hawajuani. Wa nchi moja wanakaa meza moja, wanacheka pamoja, wanafua siku moja. Wakikutana na wengine kwenye ngazi, kila mtu anatazama viatu vyake.

Sasa kuna mama mmoja mwembamba anayeongoza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, hatembei bila mafaili kwapani. Mimi namwita Bi Mipango, na siku hizi anaitika. Kila mwaka anaandaa Siku ya Mataifa: kila nchi na meza yake, bendera yake, nguo zake za heshima. Wanakuja, wanasimama nyuma ya meza kama wauza duka wasio na wateja. Jioni wanakunja bendera, kila mtu na njia yake. Mwaka jana iliisha hivyo, Bi Mipango akaja kulia kwenye chumba changu cha kufulia, akajifuta machozi kwa taulo la mchezaji wa mpira. Sikumwambia la nani.

Nikamwambia, "Mama, mimi nimefua kwenye hoteli za nchi tatu. Nimefua mashuka ya mabalozi na ya wezi, na kwenye beseni yote yanatoa povu moja. Niingize kwenye kamati yako." Akacheka, akaniingiza. Kazi yangu ni kuzitengeneza nguo zote za heshima kabla ya siku yenyewe, mwishoni mwa Julai. Hakuna doa litakaloupita mlango wangu. Unanijua.

Jambo dogo la mwisho. Ile aproni ya mama ya kuokea mikate, iliyokuwa ikining'inia nyuma ya mlango wako, umeihifadhi wapi? Ile yenye madoa mawili ya viganja, kushoto na kulia, pale alipokuwa akijifutia mikono yenye mafuta. Nimeikumbuka tu. Ukiweza nipigie hata picha.

Mwanakamati,
Redio

27 Machi

Kwa Redio,

Barua imefika. Bahasha ilikuwa imepasuka upande mmoja, nadhani maneno yalikuwa yanatafuta pa kutokea.

Wifi yako miguu imepungua. Kile kiti nimekitoa. Anasema ulikuwa na haki, mimi sisemi kitu. Yule wa kati sasa anataka kuwa rubani. Mwezi huu nimeshona suti nne za harusi. Bwana harusi mmoja amenenepa kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, anadai mimi ndiye niliyepunguza kitambaa. Paa la duka lilikuwa linavuja upande wa cherehani ya zamani, nimeliziba kwa bati jipya, na sasa linavuja upande mwingine.

Hongera ya kamati. Usiwachekeshe hadi wakaacha kazi. Na neno moja la fundi: nguo ya mtu, uliza kabla hujaitia mkono.

Ndiyo hayo.

Kaka yako

19 Aprili

Kaka Sindano,

Hamjambo wote? Mimi sijambo. Wifi hajambo? Watoto hawajambo? Nafurahi miguu imepungua. Hali ya hewa huku ni nzuri. Jana pia ilikuwa nzuri. Juzi kulikuwa na mawingu, lakini si mengi.

Kamati inaendelea vizuri.

Nina swali moja la kitaalamu, wewe uliyeshika vitambaa miaka thelathini. Doa likishatoka kabisa kwenye nguo, je, kuna namna ya kulirudisha? Namuulizia mtu.

Wako,
Redio

6 Mei

Redio,

Wote wazima.

Tangu uzaliwe hujawahi kuzungumza na mtu kuhusu mawingu. Huyo mtu ni wewe. Umefua nini?

Kaka yako

24 Mei

Kaka,

Nilitaka kuruka salamu, kwa maana nikianza nazo nitajificha humo humo. Lakini mama asingenisamehe. Wifi hajambo? Watoto hawajambo? Paa halijambo? Haya. Nimefua kitu nisichopaswa kukifua.

Kuna binti hapa anasomea udongo. Kweli kabisa, chuo kikuu wanafundisha udongo, wanautia kwenye vichupa na kuupima kama damu. Namwita Binti Udongo. Anatoka mbali sana, milimani, ndiye wa kwanza wa ukoo wake kufika chuo. Na hapa hana mtu wa nchi yake hata mmoja, kwa hiyo pale kwenye ngazi yeye ndiye anayetazama viatu kuliko wote.

Mwishoni mwa Machi Bi Mipango alitaka kupiga picha za tangazo la Siku ya Mataifa. Binti akaniletea kitambaa cheupe cha kujitanda, kizito, kimefumwa kwa mkono. Akasema, "Mama, piga pasi tu. Usikifue." Akarudia mara ya pili. Nilimsikia vizuri, Kaka. Masikio yangu hayana kosa lolote katika habari hii.

Alipoondoka nikakikunjua. Kwenye pindo kulikuwa na alama tano za viganja, za udongo mwekundu uliokaukia kwenye nyuzi. Nikasema masikini, mtoto anaona haya, hataki kunisumbua. Moyo ukanijaa. Nikajiambia: nitamshangaza. Nikakiloweka kwa sabuni ya mche, ndimu na chumvi. Nikakisugua kwa mikono yangu siku mbili, maana mashine ingekichana. Nikakianika juani mara tatu. Nilipomaliza kilikuwa cheupe hadi kinaumiza macho. Kaka, nilikuwa naimba.

Akaja. Akakifungua, akatafuta pindo. Akazunguka pindo lote, kona zote nne, kama mtu aliyeangusha funguo. Halafu akakaa chini sakafuni, kwenye maji.

Kwao mwanamke wa ukoo akiondoka kwenda mbali, yule anayemsindikiza anachovya kiganja kwenye udongo wa uani na kukigandamiza kwenye kitambaa kile. Kiganja cha kwanza kilikuwa cha mama wa bibi yake. Cha tano kilikuwa cha bibi mwenyewe, alichokiweka asubuhi binti alipopanda basi kuja huku. Watu watano. Nimewafua wote, na ndimu juu.

Wewe utasema ni bahati mbaya, alinisamehe, yakaisha. Hujasikia bado. Aliponitazama pale chini akaniuliza, "Nani?" Na mimi, mwenye mdomo huu ambao haujawahi kuogopa polisi wala mzee wa kanisa, nikasema, "Mashine." Nikasema kilidondokea ndani ya mashine pamoja na mashuka.

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniua. Bi Mipango naye akaamini, akaita fundi wa mashine. Amekuja mara mbili. Anaifungua, anaitazama, anaifunga, anakuna kichwa. Mashine haina kosa lolote, Kaka, na mimi nasimama pembeni nimemshikia bisibisi.

Binti hazungumzi na mtu. Bibi yake anapiga simu kila Jumapili, hapokei. Ameniambia muhula ukiisha Julai atarudi kwao moja kwa moja, masomo basi, kwa sababu hawezi kumdanganya bibi na hawezi kumwambia. Yaani mtoto anaacha chuo kikuu kwa ajili ya mikono yangu, na bado ananisalimia kwa heshima kila asubuhi: "Mama, umeamkaje?"

Nimewaza kuvichora upya vile viganja kwa rangi. Niambie la kufanya. Umekaa kimya maisha yako yote, nadhani ulikuwa unafikiri.

Redio

15 Juni

Mdogo wangu,

Wifi yako anatembea hadi sokoni na kurudi bila kupumzika. Yule wa kati ameacha urubani, amerudi jeshini. Paa bado.

Usichore. Nimeshona viraka maisha yangu yote. Kila kiraka nilichojaribu kukificha, mteja alikiona kabla hajavaa mkono wa pili.

Sasa aproni. Uliniuliza Machi, nikakujibu habari za bati.

Ilikuwa nyuma ya mlango. Wiki moja baada ya kumzika mama, nilikuwa napita mlango ule mara ishirini kwa siku, na kila nikipita naiona mikono yake. Siku ya nane nikaitoa msumarini nikaifua. Nilimwaga sabuni nyingi. Niliianika chumbani, mapazia yamefungwa. Ilipokauka niliikunja bila kuitazama nikaiweka chini kabisa ya sanduku la mabaki ya vitambaa. Miaka tisa sasa. Ukija likizo ukiuliza, nasema ipo mahali. Wifi yako hajui. Watu wanasema mimi ni mkimya kwa kuzaliwa. Kiasi ni kwa kuzaliwa.

Kwa hiyo nakuelewa kuliko unavyodhani, na sina haki ya kukusema. Lakini fanya nilichoshindwa mimi. Mwambie yule mtoto ukweli, na umwambie yeye kabla ya kamati yako. Kisha kaeni pamoja mumpigie bibi yake. Wewe bado una mtu wa kumpigia. Mimi sikuwa na wa kumwambia, mwenye mikono alikuwa ameshakwenda.

Aproni nimeitia kwenye kifurushi, inakuja nyuma ya barua hii. Sijaikunjua. Ukitaka kunitukana, nitukane kwenye barua, nitaisoma yote.

Kaka yako

2 Julai

Kaka,

Wifi hongera ya kutembea. Watoto nawabusu. Kifurushi bado, barua imefika.

Nilikutukana. Siku mbili nzima, kwa sauti, nikifua kwa mkono mashuka ambayo mashine ingeyafua. Wanafunzi walikuwa wanachungulia mlangoni na kurudi. Ile aproni! Mikono ya mama! Nikasema huyu mtu nitamshona mdomo kwa sindano yake, halafu nikakumbuka umeshonwa tayari. Siku ya tatu nikachoka, na nilipochoka nikamwona mwanamume mzima amesimama na beseni chumbani, mapazia yamefungwa. Hasira ikaniisha. Ungeniambia, Kaka. Ningekuja. Ningekuja kulia na wewe, halafu nikufundishe kufua.

Nikavua kitambaa cha kichwa, nikaenda chumba cha Binti Udongo. Nilikuta mabegi yake juu ya kitanda, yamefunguliwa. Nikasema, "Mwanangu, mashine haina kosa. Ni mimi. Ulinikataza nikafua. Halafu nikakudanganya."

Akaninyamazia. Nikasubiri. Wewe unajua mimi na kimya, ni kama kuzuia chafya. Mwishowe akasema, "Siku mbili ulizofua, ulikuwa unafikiria nini?"

Nikamwambia ukweli wote: "Nilikuwa nafikiria utakavyofurahi."

Akalia. Nami nikalia, na mimi nalia kwa sauti, ghorofa nzima ikatoka. Kisha nikamwambia tumpigie bibi. Akakataa. Nikamwambia habari yako, Kaka, naomba radhi, nilimwambia yote: sanduku, mapazia, miaka tisa. Akafuta pua, akachukua simu.

Bibi alipokea kabla haijaita mara mbili. Binti akamweleza kwa lugha yao, mimi nasikiliza pumzi tu. Nikamwambia binti, "Mwambie anitukane, nimezoea." Halafu bibi akasema kitu kifupi.

"Anasema nini?"

"Anauliza umetumia sabuni gani."

"Nini?"

"Anasema kiganja cha shangazi yake kilikuwa kimekaa vibaya, kimepinda, kimemkera miaka hamsini. Anasema umemfanyia kazi aliyoiogopa mwenyewe."

Tukacheka, Kaka, tunacheka na machozi yanashuka, na kule milimani bibi anacheka bila meno. Alipotulia akaniuliza, kwa kinywa cha binti, swali jingine, na hilo halikuwa la mzaha. "Mimi nilimsindikiza mpaka kwenye basi," alisema. "Kutoka kwenye basi mpaka hapo, nani amemsindikiza?"

Binti ndiye aliyejibu. Aliniambia baadaye alichomjibu: "Kuna mama anayefua mashuka yetu. Ndiye pekee anayeniuliza nimekula nini."

Bibi akasema: basi huyo aweke mkono wake, kwa udongo wa huko. Na zile nafasi tano ziachwe wazi. Yeye ataweka upya cha kwake binti akirudi likizo. Wale wengine wanne anawakumbuka ukubwa wa mikono yao, atatafuta wanaofanana nao katika ukoo. Likizo, Kaka. Alisema likizo, na binti hakumsahihisha.

Kesho yake nikaenda kwenye kamati. Nikasimama mbele ya Bi Mipango, fundi wa mashine akiwapo kwa mara ya tatu, nikasema yote. Fundi akatupa bisibisi mezani: "Mama! Mimi nimeanza kudhani nimesahau kazi! Nimemwambia mke wangu labda nimezeeka!" Nikamwomba radhi mbele ya watu. Akanuna kidogo, halafu akasema, kama anajisemea, kwamba ana ovaroli ya baba yake yenye grisi kifuani, haijafuliwa tangu mzee alipoingia chini ya gari mara ya mwisho, na mke wake haruhusiwi hata kuisogelea.

Bi Mipango akaweka mafaili chini. Sijawahi kumwona akiyaweka chini. Akasema, "Mimi nina shati la shule. Siku ya mwisho wenzangu waliandika majina yao mgongoni kwa wino. Wengine hawapo tena."

Tukatazamana. Nikasema, "Mama, mwaka huu bendera zibaki ofisini."

Nikieleza zaidi utachoka. Niombee.

Redio

3 Agosti

Kaka yangu mpenzi, Sindano mwenye nyuzi zako,

Hujajibu, na sisubiri. Salamu kwa wifi, salamu kwa watoto, salamu kwa mwanajeshi, salamu kwa paa linalovuja, salamu kwa bwana harusi mnene! Kaka, tumeshinda. Kaa chini. Mwambie mteja arudi kesho.

Tangazo tuliloliweka mabwenini lilisema hivi tu: "Lete nguo isiyofuliwa, uje utuambie kwa nini." Hakuna bendera, hakuna meza. Nilifunga kamba kumi na mbili kwenye uwanja nyuma ya chumba changu, kutoka nguzo ya taa hadi nguzo ya taa. Na sheria ilikuwa moja, yangu: unaanika pale nitakapokuonyesha, si pale wanaposimama wenzako wa nyumbani.

Hapo ndipo mdogo wako alipoonyesha akili. Nilificha nusu ya vibanio chini ya beseni. Unajua madobi tunavyofanya vibanio vikiwa haba: ncha ya nguo hii na ncha ya nguo ile zinashikwa na kibanio kimoja. Sasa fikiria, mtu umeanika shati lako, kibanio kimeshika na kanzu ya mtu usiyemjua, mtu wa mbali huko. Huwezi kulitoa lako bila kumwambia yeye ashike la kwake. Huwezi hata kulinyoosha bila kumgusa kiwiko. "Samahani, hii ni yako? Hili doa ni la nini?" Ndiyo hayo tu niliyoyataka!

Tulitarajia watu sitini. Mwaka jana walikuja arobaini, na kumi walikuja kwa ajili ya soda. Kufika saa tano asubuhi kamba zote kumi na mbili zilikuwa zimejaa. Wakafungua wavu wa mpira wa wavu wakautumia kama kamba ya kumi na tatu. Mlinda mlango wa timu ya chuo, mtoto mrefu kama ngazi, alileta glavu zenye matope ya mechi ambayo kaka yake alicheza naye mara ya mwisho. Nikamweka kando ya msichana mpole mwenye kibwebwe cha mama yake chenye unga. Walizungumza hadi jua likawachoma, nikawapelekea mwavuli mmoja. Mmoja, Kaka, ule mwingine nao niliuficha.

Fundi wa mashine alikuja na ovaroli na mke wake. Ndiyo mara ya kwanza mama yule kuambiwa kwa nini haruhusiwi kuisogelea. Alimshika mumewe mkono mbele ya watu wote, mwanamume akaona haya. Bi Mipango alining'iniza shati lake la shule, halafu mwalimu mmoja wa hesabu, mzee mkali, akasoma majina mgongoni akasema, "Huyu nilimfundisha." Nimewasamehe walimu wa hesabu wote kuanzia siku hiyo.

Mkuu wa chuo alikuja na suti na msaidizi wake. Alikuwa na dakika kumi. Saa mbili baadaye msaidizi bado anamwonyesha saa, na yeye amevua koti, anamweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhusu tai yenye chai aliyoivaa siku aliyopata kazi yake ya kwanza. Ameagiza Siku ya Mataifa iwe hivi kila mwaka. Na Jumamosi moja kila mwezi uwanja wangu uwe wazi kwa wote, kamba na vibanio vichache. Mimi nimepewa kitambulisho cha plastiki cha kuvaa shingoni: MSHAURI WA MAHUSIANO YA TAMADUNI. Nimekivaa hata bafuni.

Binti Udongo ndiye aliyefunga shughuli. Alichukua udongo uliochimbwa kwenye bustani ya mabweni (aliupima kwanza kwa vichupa vyake, akasema ni mzuri, una chuma), akaukoroga kwenye beseni langu. Bibi alikuwa kwenye simu, anatuona. Nikachovya mkono huu, wenye nyufa za sabuni za miaka ishirini, nikaubandika kwenye kitambaa kile nilichokifua mwenyewe hadi kuumiza macho. Uwanja mzima ukapiga kelele. Niliubandika mbali na zile nafasi tano, kwa adabu. Bibi akasema mkono wangu ni mkubwa mno, lakini umekaa sawa, haujapinda.

Mabegi yameshuka kitandani. Amejiandikisha mwaka wa pili. Anakaa na wenzake wanne wa nchi nne, na wote wanne wanamjua bibi kwa sauti.

Sasa lako.

Kifurushi kilifika asubuhi ya siku ile ile, saa moja, mimi bado nafunga kamba. Sikukifungua. Niliogopa, nakiri, mimi Redio niliogopa bahasha ya karatasi. Nilipomaliza yote jioni, watu wachache wamebaki wanasaidiana kutoa nguo, ndipo nikakichana. Nikaitoa aproni. Inanukia sabuni na sanduku. Nikaipeleka kwenye kamba ya mwisho, upande wa machweo, nikaandika kadi: "Hii ilifuliwa." Nilitaka watu wajue kwamba na hilo hutokea.

Nikaibana kibanio cha kwanza. Nikaibana cha pili. Jua likapita nyuma yake.

Kaka. Wewe si fundi wa kufua. Ulimwaga sabuni nyingi, hukusuuza, ukaianika ndani, na mafuta ya mikate hayatoki kwa hasira. Kwa jua la nyuma yanaonekana yote mawili, kushoto na kulia, vidole kumi, hadi kile kidole chake kilichopinda. Yamefifia, lakini yapo! Miaka tisa umeyafungia sandukuni ukidhani umeyaua, na yalikuwa yamekaa humo yanakusubiri uwashe taa.

Nilipiga yowe. Wakaja mbio: Bi Mipango, fundi, mlinda mlango, binti. Nikawaonyesha. Nikaweka viganja vyangu juu ya viganja vyake, na vimelingana, Kaka, vimelingana kabisa. Sasa najua mkono mkubwa nimeutoa wapi.

Nikaichana ile kadi. Binti Udongo akaandika nyingine kwa mwandiko wake mzuri: "Hii ilifuliwa na kaka. Ikakataa."

Nimekupigia picha tatu, ziko humu ndani. Moja ibandike nyuma ya mlango, kwenye ule msumari. Aproni yenyewe nitaileta Desemba, mkononi, na wewe utanipokea kituoni na wifi na watoto, na tutaongea hadi nichoke mimi.

Ila namshukuru Mungu kwa jambo moja, nalisema mimi, dobi bora kuliko wote katika nchi tatu: asante, Kaka, hukunipa mimi niifue.

Mdogo wako,
Redio

N.B. Ukiona nguo yoyote chafu hapo nyumbani, usiiguse. Nakuja nayo kamati.